Kipande Kimepungua, Watu Wameongezeka

Jumapili moja baada ya ibada nalialikwa kunywa chai katika nyumba moja ya Mpendae, upande wa Ng'ambo, mbali kidogo na Mji Mkongwe. Ni nyumba niijuayo tangu zamani. Hukaa humo bibi mmoja mzee, mzaliwa wa Wete katika kisiwa cha Pemba, pamoja na mwanawe na wajukuu. Na mjukuu mmoja wa kike alikuwa akijitayarisha kwa mtihani wa kidato cha nne. Bibi alikuwa ametengeneza mkate wa kumimina, nao ulikuwa ungali moto, harufu ya iliki ikatupokea mlangoni. Nautaja mkate huo kwa sababu, wala si kwa ulafi, kama msomaji atakavyoona.

Chai ilipokwisha kumiminwa, binti akaja na karatasi ya maswali ya kujipima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Una nini hapo?"

"Ni swali la takwimu, Mwalimu. Limenishinda. Naomba unitazamie."

Nikaipokea karatasi. Palikuwa na maduara mawili yaliyolingana kwa ukubwa, la kwanza limeandikwa mwaka 2012, la pili mwaka 2022. Kila moja limekatwa vipande vitano kwa mikoa mitano ya Zanzibar, na ndani ya kila kipande imeandikwa pembe yake. Kipande cha Kaskazini Pemba kilikuwa digrii 58 katika duara la kwanza, na digrii 52 katika duara la pili. Swali likauliza: je, watu wa Kaskazini Pemba waliongezeka au walipungua katika miaka ile kumi, na kwa kiasi gani?

Mimi, kikombe mkononi, nikajibu upesi kama mtu ajuaye. "Mbona ni rahisi? Hamsini na mbili ni ndogo kuliko hamsini na nane. Wamepungua."

Binti akanyamaza. Aliyesema ni bibi yake, ambaye tulidhani hatusikilizi.

"Wamepungua, Mwalimu? Wamekwenda wapi? Mimi nalikuwa Wete juzi kwa arusi. Nyuma ya nyumba ya marehemu baba yangu palikuwa na mihogo na minazi tu. Sasa pana nyumba, hata mahali pa kutandika jamvi hapapatikani. Na shuleni watoto wamejaa tele. Hao waliopungua ni wepi?"

Nikaitazama karatasi mara ya pili. Chini ya kila duara, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari mmoja ambao sikuusoma. Chini ya duara la mwaka 2012: jumla ya watu, 1,303,569. Chini ya duara la mwaka 2022: jumla ya watu, 1,889,773. Ndipo binti akasema kwa adabu, macho yake chini, "Mimi naliziona hizo jumla, Mwalimu, lakini sikujua nizifanyie nini."

Nimefundisha hesabu kwa miaka mingi, na naona haya kuyaandika haya. Lakini nayaandika, kwa kuwa kosa nililolifanya mimi penye kikombe cha chai ndilo wanalolifanya watahiniwa wengi penye karatasi ya mtihani, ambapo hapana bibi wa kuwauliza, "Wamekwenda wapi?" Katika miaka ya karibuni waliofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne walikuwa kama robo tu ya waliofanya, na miaka mingine hata robo haikufika. Sisemi kwamba maswali ya michoro ndiyo yaliyowaangusha wote. Lakini maswali hayo yangefaa kuwa sadaka kwa mtoto mwenye macho, maana jibu limekwisha kuchorwa mbele yake. Na hata hivyo wengi huyapoteza.

Basi na tulitazame swali lile kwa utaratibu. Hesabu zilizomo si za kubuniwa. Ni hesabu za watu wa Zanzibar zilizopatikana katika sensa ya tarehe 26 Agosti 2012, na ile ya tarehe 23 Agosti 2022.

Duara lolote lina digrii 360. Katika duara la mwaka 2012 digrii hizo 360 zilibeba watu 1,303,569. Ukigawanya, utaona kwamba digrii moja ilibeba watu 3,621. Katika duara la mwaka 2022 digrii zile zile 360 zilibeba watu 1,889,773. Basi digrii moja ilibeba watu 5,249. Hapo ndipo penye siri yote. Digrii ya mwaka 2012 na digrii ya mwaka 2022 zaitwa kwa jina moja, lakini si kitu kimoja, kama vile pishi mbili za vipimo mbalimbali zisivyoweza kupimia mchele mmoja. Kaskazini Pemba, mwaka 2012: mara 58 kwa 3,621, ni watu 210,018. Mwaka 2022: mara 52 kwa 5,249, ni watu 272,948. Wameongezeka, na maongezeo ni watu 62,930.

Bibi alikuwa na haki, nami nalikuwa na kosa.

Mwalimu mwangalifu ataniuliza kama hizo ndizo hesabu zilizotangazwa. Sizo hasa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 211,732 katika Kaskazini Pemba, na ya mwaka 2022 ikahesabu 272,091. Maongezeo ya kweli ni 60,359. Tofauti hiyo yatoka wapi? Yatoka katika digrii zilizokatwa mikia. Pembe ya kweli ya mwaka 2012 ni 58.47, nayo ya mwaka 2022 ni 51.83, mtunga swali akaandika 58 na 52 ili zipimike kwa kipimapembe cha mtoto. Ukikumbuka kwamba digrii moja yabeba maelfu ya watu, hutastaajabu kuona nusu yake ikiacha nje watu elfu na mia kadhaa. Katika mtihani mtoto na atumie alizopewa, wala asihangaike. Lakini ni vema ajue kwamba mchoro hutoa jibu la karibu, na jedwali hutoa jibu lenyewe. Na swali likiwa na vyote viwili, hesabu ifanywe kwa jedwali.

Yule binti alielewa hesabu, lakini uso wake haukufunguka. "Lakini Mwalimu," akasema, "kipande nakiona kimepungua kwa macho yangu. Macho yanadanganya?"

Hapo nikaomba kisu, na bibi akaniruhusu kuukata mkate wake. Nikamwambia binti: fikiri kwamba mwaka wa kwanza bibi alipika mkate mdogo, na mwaka wa pili alipika mkubwa kuliko huo. Katika mkate mdogo ulikatiwa kipande kipana. Katika mkate mkubwa ulikatiwa kipande chembamba kidogo. Mwaka gani ulikula zaidi? Hutaweza kujibu kwa kutazama upana wa kipande tu. Imekupasa kuuliza, mkate wenyewe ulikuwa na ukubwa gani? Sasa mtunga swali amechukua mikate miwili isiyolingana, akaichora kana kwamba imepikwa katika chombo kimoja. Macho yako hayadanganyi. Yanasoma sawasawa kitu walichoonyeshwa, nacho ni fungu, si idadi.

Na tulipotaka kuichora mikate kwa haki, tulipata jambo la kupendeza. Watu wa mwaka 2022, ukiwagawanya kwa watu wa mwaka 2012, ni mara 1.45. Basi eneo la duara la pili sharti liwe mara 1.45 ya eneo la kwanza. Si kipenyo, bali eneo. Hapa wanafunzi hukosea tena, kwa maana mtu akizidisha kipenyo mara mbili, eneo huzidi mara nne. Ukilichora la kwanza kwa bikari iliyofunguliwa sentimita 5, la pili likataka sentimita 6, kwa kuwa mara 6 kwa 6 ni 36, na mara 5 kwa 5 ni 25, na 36 ukiigawanya kwa 25 ni 1.44, karibu kabisa na hesabu yetu. Sentimita moja tu ya bikari! Binti akayachora upya maduara kwa sentimita 5 na sentimita 6, akavipaka rangi vipande vya Kaskazini Pemba, akaviweka pamoja. Kipande cha pili kilikuwa chembamba, lakini kirefu, na eneo lake kubwa kuliko la kwanza. Uso ukafunguka.

Nimeona baadaye kwamba jambo hili si jipya. Mtu aliyeanzisha michoro ya namna hii alikuwa Mskoti, jina lake William Playfair. Mwaka 1786 alitoa katika London kitabu cha biashara ya nchi yake, ndani yake mkiwa na michoro ya mistari, na mmoja wa nguzo. Huo wa nguzo aliuchora kwa shida, maana kwa biashara ya Uskoti hakuwa na hesabu za miaka mingi za kutosha kuvuta mstari. Kisha mwaka 1801 akatoa kitabu kingine, na humo akatumia maduara kuonyesha nchi, kila duara likiwa na eneo kwa kadiri ya ukubwa wa nchi yenyewe. Na duara la Dola ya Waturuki akalikata vipande kuonyesha fungu lililokuwa Ulaya, na lililokuwa Asia, na lililokuwa Afrika. Yaani aliyeanzisha duara la vipande hakusahau ukubwa wa mkate. Sisi tuliokuja nyuma ndio tuliosahau, kwa kuwa ni kazi nyepesi kuzungusha bikari bila kuibadili.

Bibi aliposikia haya akauliza habari za Pemba yote, si Kaskazini tu. Binti akajumlisha. Mwaka 1958, bibi alipokuwa mtoto mdogo, hesabu ya watu ilikuta Pemba watu 133,858 katika jumla ya watu 299,111 wa visiwa vyote viwili. Mwaka 2022 Pemba ilikuwa na watu 543,441 katika hao 1,889,773. Ukichora, Pemba ya mwaka 1958 ni pembe ya digrii 161, si mbali na nusu ya duara. Pemba ya mwaka 2022 ni digrii 104 tu, hata theluthi haifiki. Na hata hivyo watu wake wamekuwa mara nne ya wale wa kwanza. Mtu akisema, "Pemba imepungua," asema kweli kama anasema habari za fungu; akisema, "Pemba imeongezeka," asema kweli kama anasema habari za watu. Mtihani hauchukii jibu lolote katika hayo mawili. Mtihani wauliza tu kama umeelewa ni lipi uliloulizwa.

Na neno hilo lanipeleka kwa swali la pili la karatasi ile: "Ni mkoa upi ulioongezeka kwa asilimia kubwa kuliko yote?" Binti alikuwa amekwisha kuandika Mjini Magharibi, nami sikushangaa, kwa kuwa sisi sote tukaao Mpendae tu watu wa mkoa huo, na twaona kwa macho yetu jinsi nyumba zinavyosongamana na barabara zinavyojaa. Hesabu zake ni hizi. Mjini Magharibi walikuwa 593,678 mwaka 2012, wakawa 893,169 mwaka 2022, maongezeo 299,491. Kusini Unguja walikuwa 115,588, wakawa 195,873, maongezeo 80,285. Mtu akitazama maongezeo peke yake atasema mjini kumeshinda mara tatu na zaidi. Lakini swali limesema asilimia, na asilimia huhesabiwa juu ya mwanzo wa kila mmoja. Ukigawanya 299,491 kwa 593,678 wapata asilimia 50. Ukigawanya 80,285 kwa 115,588 wapata asilimia 69. Mkoa ulioongezeka kwa asilimia kubwa ni Kusini Unguja. Kosa la kawaida ni kugawanya kwa jumla ya mwisho badala ya mwanzo. Mtoto akigawanya 80,285 kwa 195,873 atapata 41, naye hataona kosa, kwa maana 41 ni asilimia yenye sura njema kama nyingine yoyote.

"Kwa nini Kusini wameongezeka hivyo?" akauliza binti. Nikamjibu kwamba jedwali halisemi. Mtu aweza kudhani hili na hili, ya hoteli za pwani au ya viwanja, na pengine akadhani sawa. Lakini swali likisema "kwa kulitazama jedwali," basi jibu sharti litoke katika jedwali. Nimesahihisha karatasi ambazo mtoto ameandika sababu nzuri sana, zenye akili, na hata moja haikuwamo katika hesabu alizopewa. Alama hakupata. Ni jambo la kusikitisha, lakini ni haki.

Maswali ya nguzo nitayapita upesi, kwa kuwa hila yake ni moja. Tazama mguu wa nguzo. Tuseme darasa moja lina wastani wa alama 52, na la pili lina 56, na mchoraji ameanza mstari wa kusimama penye 50 badala ya sifuri. Nguzo ya kwanza itakuwa na kimo cha 2, na ya pili kimo cha 6. Mtoto atasema darasa la pili ni bora mara tatu, kumbe tofauti yao ni alama nne tu. Basi kidole na kiende kwanza chini kabisa, kwenye mwanzo wa namba, kisha kipande juu. Na michoro ya mistari yafaa kwa vitu vinavyofuatana, kama mvua ya mwezi baada ya mwezi, ambapo huona mstari ukipanda katika masika tangu Machi hata Mei, kisha ukishuka. Lakini nimepata kuona mchoro uliounga kwa mstari idadi ya watu wa Mpendae, Jang'ombe na Kwahani. Mstari huo wapita wapi, kati ya Mpendae na Jang'ombe? Barabarani, nadhani.

Lililotuchukua muda mrefu ni jedwali la kurudiarudia, ambalo wanafunzi hulidharau kwa kuwa halina picha. Lilikuwa hivi: kaya 30 ziliulizwa zina watoto wangapi. Kaya 4 zilikuwa na mtoto mmoja, kaya 6 zilikuwa na wawili, kaya 10 zilikuwa na watatu, kaya 7 zilikuwa na wanne, na kaya 3 zilikuwa na watano. Tafuta wastani wa watoto kwa kila kaya.

Binti akafanya vema mwanzo wake. Akazidisha kila mstari: 4, kisha 12, kisha 30, kisha 28, kisha 15, jumla watoto 89. Kisha akatazama jedwali, akaona mistari mitano, akagawanya 89 kwa 5, akaandika 17.8, akapiga mstari chini ya jibu kwa rula.

Nikamwita bibi, maana nalikuwa nimejifunza. "Bibi, mjukuu wako asema kwamba kila nyumba katika mtaa huu ina watoto kumi na saba na zaidi."

Bibi akacheka hata machozi. "Labda nyumba ya jirani yangu siku za sikukuu," akasema.

Binti akacheka naye, kisha akaliona mwenyewe. Katika jedwali lote hapana kaya yenye zaidi ya watoto watano. Wastani utakuwaje kumi na saba? Waliogawana watoto wale 89 si mistari mitano, bali kaya thelathini. 89 ukiigawanya kwa 30 ni 2.97, yaani karibu watoto watatu. Na namba ya katikati? Kaya ni 30, basi katikati ni baina ya kaya ya 15 na ya 16; ukihesabu kutoka juu, 4, kisha 10, kisha 20, zote mbili zaangukia katika kundi la watoto watatu. Na kundi lenye kaya nyingi ni lilo hilo. Majibu matatu yamekubaliana, na jibu la 17.8 limebaki peke yake kama mgeni asiyejua njia ya nyumba.

Jedwali hilo hilo lilitumika kwa jambo lingine, nalo ni la lugha. Hesabu za sekondari zafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na watoto wetu hufikiri kwa Kiswahili. Maneno makubwa huyakariri. Yanayowaangusha ni maneno madogo. "Kaya ngapi zina watoto wanne au zaidi?" Jibu ni 7 na 3, yaani 10. "Kaya ngapi zina zaidi ya watoto wanne?" Jibu ni 3 tu. "Si zaidi ya wawili" ni 4 na 6, jumla 10; "chini ya wawili" ni 4. Namba ni zile zile, jedwali ni lile lile, na neno moja dogo lahamisha jibu. Walimu wenzangu, nawasihi: wapeni watoto maneno hayo madogo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, siku nyingi, juu ya jedwali moja, hata wachoke. Mimi mwenyewe nalitumia miaka kuwafundisha kuchora maduara mazuri yenye rangi, nikidhani kazi imekwisha.

Jambo jingine la chumba cha mtihani. Katika mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne kikokotoo hakiruhusiwi; mtahiniwa ana kalamu yake, na vitabu vya majedwali ya hesabu. Kwa hiyo mtoto aliyezoea kubonyeza simu nyumbani atakuta mkono wake mzito siku ile. Afupishe kabla ya kuzidisha: 52 juu ya 360 ni 13 juu ya 90, na kazi imepungua zaidi ya nusu. Na kabla ya yote hayo akadirie. Digrii 52 ni kama moja ya saba ya duara. Moja ya saba ya watu 1,889,773 ni kama 270,000. Basi jibu likitoka 27,000 au milioni mbili, ajue kwamba kuna sifuri iliyopotea au iliyozidi. Makadirio hayo hayachukui hata dakika moja.

Wazazi wengi huniambia, "Mwalimu, mimi hesabu zilinipita, nitamsaidiaje mtoto?" Nawajibu kwa habari za bibi yule. Hajui kipimapembe ni nini, wala hakuwahi kusikia habari za William Playfair, na alinisahihisha mimi nilipokuwa na karatasi mkononi. Alijua Wete, akauliza swali ambalo yeyote ajuaye mahali aweza kuuliza. Jioni mtoto akiwa juu ya vitabu, mzazi aweza kumwuliza: hiki ni kipande cha nini? Mkate wenyewe una ukubwa gani? Na jibu lako, ukilipeleka nje mtaani, laweza kuwa kweli? Mtoto akishindwa kujibu kwa Kiswahili chake mwenyewe, basi hata akiwa ameandika namba nyingi, bado hajaelewa mchoro.

Jumapili iliyofuata nalipita tena. Binti alikuwa ameyafanya maswali yote ya karatasi ile, na pembeni mwa lile la kwanza alikuwa ameandika kwa wino mwekundu sababu ya kipande kupungua: watu wa Zanzibar yote waliongezeka kwa asilimia 45, na watu wa Kaskazini Pemba kwa asilimia 28 na nusu, wote walikwenda mbele, lakini hawa walikwenda polepole kuliko wenzao, kwa hiyo fungu lao likawa jembamba. Sikuwa nimemfundisha hilo. Nalimwuliza amelipata wapi, akasema alikuwa akimweleza bibi yake, na bibi akawa hakubali mpaka aambiwe sababu.

Yale maduara mawili, la sentimita 5 na la sentimita 6, yamebandikwa ukutani karibu na kabati la vyombo. Bibi ameomba katika lile kubwa liandikwe jina la Wete. Mjukuu amemjibu kwamba Wete ni wilaya, si mkoa, na hesabu za wilaya hajazitafuta bado. Bibi amesema atangoja.